Mkawiaji Si Mchelewaji

Jumatatu, 4 Machi

Fundi mkuu wa karakana yetu ya samani anastaafu, na nafasi yake naitaka mimi. Leo bosi katangaza kuwa hampi mchelewaji. Kisha akanitazama. Mafundi wote wakanitazama. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayefika kazini kabla mlinzi hajanawa uso, akajifanya anatafuta nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Simwachii. Ng'o!

Jumanne, 5 Machi

Nimeazima kamusi kwa jirani. Nimeisoma tangu alfajiri, ndiyo maana nikafika kazini jua limeshapanda. Nikamweleza bosi kwa upole: mchelewaji ni mzembe aliyepitwa na wakati. Mimi ni mkawiaji, yaani mtu anayechukua muda mrefu katika jambo. Kwangu mimi, jambo lenyewe ni kuja. Bosi akauliza kama kweli kukawia ni kukaa sana. Nikasema ndiyo, kamusi hii hapa. Akaitikia kwa kichwa, akasema amenielewa. Shemeji akaninong'oneza kuwa ningeondoka tu nyumbani mapema. Wivu huo. Nimeshinda nikipiga mluzi.

Jumatano, 6 Machi

Wenzangu walipokusanya vifaa jioni, bosi akasema wao waende, mkawiaji akawie. Nikabaki peke yangu, napiga msasa meza ambayo ukoo wetu mzima ungeizunguka na nafasi ikabaki. Nimerudi nyumbani mgongo si wangu. Mke wangu kasema kaka yake hajawahi kufungua kamusi na mgongo wake mzima. Alipomaliza nilikuwa nimeshalala, kijiko mdomoni.

Alhamisi, 7 Machi

Usingizi umenipitia. Nimewakuta wenzangu wanakula chakula cha mchana, na shemeji wanampongeza. Fundi mkuu ni yeye! Bosi kasema alitaka mtu wa kuwahi, si wa kukawia, na hilo neno nilimpa mwenyewe. Imeniuma, sifichi. Shemeji, kwa ile huruma yake ya kuudhi, akanisogezea kigoda.

Ijumaa, 8 Machi

Kumbe shemeji anatafutiwa msaidizi. Nafasi hiyo hainiponyoki. Nimeamka mapema kabisa, nikaichimba kamusi mpaka neno likapatikana. Anayefika adhuhuri si mchelewaji wala mkawiaji. Ni mtangulizi wa kesho. Nitamweleza bosi hayo kwa ufasaha, nikishafika.