Risasi Nilizomjazia Shemeji

Jumatatu, 5 Oktoba 1970, Matrah

Nna siri ya miaka minne. Daktari kanisikiliza moyo, kakunja uso, kaniambia nile nnachokipenda. Nimefahamu. Basi naandika: risasi za bastola nilizompa shemeji yangu Thabit, mume wa dada yangu Nasriya, hazikuwa mpya. Nilizijaza mwenyewe, kwenye maganda yaliyokwishapigwa. Nikasema za dukani. Nilitaka anione mtu wa maana!

Harusini kwa mwanawe Harub, mwaka 1966, moja ilimpasulia Thabit bastola mkononi. Sikio la kulia halisikii tangu siku ile. Thabit anailaani bastola na fundi aliyeitengeneza. Mimi huitikia amina.

Leo kaja na furaha. Ijumaa anaolewa mjukuu wangu Muhsina. Bwana harusi akifika, yeye atapiga risasi hewani. Bastola kanunua nyengine. Risasi anazo: zangu, kumi na moja zilizobaki. Kazitunza mkebeni.

Subhana Allah!

Jumanne, 6 Oktoba

Mpango. Nikae kwao nikinywa kahawa mpaka Thabit ende msikitini, kisha niuchukue mkebe rafuni. Mpango hauna kosa. Nimesomesha hesabu Unguja miaka thelathini.

Nimeshindwa. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, na hapa Matrah mgeni akitikisa kikombe maana yake katosheka. Kikombe cha kwanza tu kikatikisika chenyewe! Nasriya akakipokea, akasema alhamdulillah, kaka. Dakika nne nikawa mlangoni. Thabit kacheka, kasema Mwalimu siku hizi anakunywa kama ndege.

Jumatano, 7 Oktoba

Mpango wa pili: kikombe kwa mikono miwili, kimeegemea kifuani. Kahawa yote kwenye kanzu. Nasriya kanivua, kanivisha ya Thabit, kanirudisha nyumbani kwa kunishika mkono.

Mkebe nimeuona. Thabit alikuwa akizifuta risasi kwa kitambaa, moja moja. Kamwambia mkewe kuwa hizi kapewa na kaka yake, kwa hivyo hazipigi ila kwa watoto wa ukoo wake. Machozi yakanitoka. Nimesingizia moshi wa ubani. Hapakuwa na ubani.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimesema! Kabla hata ya kahawa. Nimelielekea sikio zima, nikamwambia zile nilizijaza mimi, na baruti sikuipima. Nilikadiria kwa jicho, bila miwani. Nyengine huenda nimezijaza mara mbili. Sijui zipi.

Thabit kanyamaza. Nikadhani nimelikosea sikio. Kisha kasema miaka minne kamlaani fundi wa watu kila Ijumaa, bure. Sasa nani atamwomba radhi?

Nasriya kaumwaga mkebe wote kwenye ndoo ya maji. Hakunitazama. Kasema nusura awe mjane kwa hesabu za kaka yake. Kahawa kanimiminia hivyo hivyo, kwa hasira. Kikombe kikaanza kutikisika. Akanyoosha mkono akitwae.

Thabit akaufunika mkono wangu kwa wake, ule wenye kovu. Ukatulia.

"Mimina," kamwambia. "Huyu bado."

Nimekunywa vikombe saba.

Ijumaa, 9 Oktoba

Muhsina kaolewa. Thabit kapiga risasi tatu, mpya, za dukani kweli. Mlio safi. Kaja kunionyesha mkono, kanitania nimhesabie vidole, si mimi ndiye mwalimu? Vitano. Nimevihesabu mara mbili.

Wageni walipokwenda kula, nikainama, magoti yakalia. Nimeyaokota maganda. Matatu. Mazuri, hayana hata mkwaruzo! Mdogo wake Muhsina, Sayyida, anaolewa mwakani, na itakuwa aibu babu mtu kwenda mikono mitupu. Kosa langu lilikuwa kutopima tu. Safari hii nitapima. Miwani sijui nimeiweka wapi.

Na hili sikumwambia Thabit jana, nalikiri hapa: baruti sikuitupa. Imo chini ya kitanda ninacholalia.