Kiingereza cha Kwenye Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 4 Mei

Sijapewa neno. Yaani mimi, baba mzazi, sijapewa hata neno moja la kusema.

Ijumaa ya wiki ijayo binti yangu anatetea utafiti wake wa shahada ya pili mbele ya maprofesa. Ndugu wanaruhusiwa kuingia. Mke wangu ameshapanga kila kitu: yeye mbele, kaka yake Karani pembeni yake, na Karani ndiye atakayetoa shukrani kwa niaba ya familia. Mimi nikae nyuma, nitulie. Nikauliza kwa nini Karani. Nikajibiwa kwamba shemeji yangu alifanya kazi mahakamani na Kiingereza anacho. Karani alikuwa anapiga chapa maneno ya wenzake. Mimi nanyoa vichwa vya madaktari, mbona sijampasua mtu?

Mimi ndiye niliyemnyoa nahodha wa meli ya kigeni mpaka akakoroma kwenye kiti. Vichwa vya mabara manne vimepita kwenye mikono hii. Kweli, shule niliiacha katikati, lakini nayo haikunifuata.

Na kuna jingine linaloniuma. Utafiti wenyewe unahusu vinyozi: kama vifaa vyetu ni safi, au tunawagawia watu mapunye. Nani alimtafutia vinyozi wa kuwahoji? Mimi. Aliniambia niandike majina ya vinyozi wote wa mitaa hii kwenye vikaratasi, nitie kwenye kopo, nikoroge, nichomoe nikiwa nimefumba macho. Nikasema sawa, mwanangu. Kopo lenyewe mama yake anawekea sindano. Halafu nifumbe macho ya nini, wakati watu nawajua? Nikachagua marafiki zangu, watu wa spiriti na maji ya moto. Kipara wa barabara ya chini, anayefutia mashine kwenye suruali, nikamruka. Matokeo ya binti yakatoka yanang'aa. Yeye anajua ni kopo. Mkono wangu haujulikani.

Jioni nikamwomba anifundishe yale maneno mazito ya huko chuoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kompyuta. Akasema baba, usikariri, hayakai. Chukua moja moja, litumie kwenye kazi yako ya kila siku mpaka likuzoee. Nadhani alitaka niondoke alale. Lakini njia nimeipata.

Jumanne, 5 Mei

Neno la leo: "sample". Binti kaeleza akiwa anapiga mswaki: ni kile kidogo unachochukua ili kikuonyeshe kizima kilivyo.

Rahisi. Akaja mwenye duka la viatu, hajui anyoe mtindo gani. Nikamwambia bosi, usihangaike, nitakukatia "sample". Nikapitisha mashine juu ya sikio, kipande cha kiganja, mpaka ngozi. Nikampa kioo. Akatazama. Akasema huo mtindo hautaki.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba "sample" ya nywele hairudishwi.

Nikanyoa kichwa chote ili kifanane na "sample". Ana picha ya pasipoti kesho. Aliondoka ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi. Wembe, mwenzangu wa kiti cha pili, ambaye jina hilo kalipata kwa ulimi wala si kwa kazi, akaniuliza kama nitaanza pia kuwaonjesha watu masikio.

Lakini neno limekaa. Silisahau tena maishani.

Alhamisi, 7 Mei

"Random". Maana yake bila kuchagua, bila upendeleo, kila mtu ana nafasi sawa na mwenzake.

Benchi lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Kinyozi yeyote anajua foleni ya benchi ndiyo katiba ya saluni: aliyewahi, kawahi. Nikatangaza kwamba leo saluni yangu inakwenda kisomi. Nikafumba macho, nikazungusha chanuo, nikanyoosha. Likamwangukia muuza soksi aliyechungulia tu mlangoni kuulizia ofisi ya maji. Nikamkalisha. Alijaribu kukataa, lakini "random" ni "random".

Mzee mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi akasema, bila hasira, kwamba amekuwa akinyolewa na mimi tangu ana nywele nyeusi, na leo anakwenda kwa Kipara. Wakamfuata karibu wote. Kwa Kipara! Wakafutiwe mashine kwenye suruali!

Nilibaki na muuza soksi. Ana kichwa kibaya sana.

Nikiwa namnyoa, kitu kikanijia: kumbe lile kopo la binti ndilo "random" yenyewe. Nikasimama na mashine inanguruma mkononi. Nikamshukuru Mungu kwamba sikulitumia. Fikiria lingemchomoa nani.

Jumamosi, 9 Mei

"Bias". Kuegemea upande. Hili nimeliingiza nyumbani.

Karani alikuja kula. Mke wangu akamwekea paja la kuku, mimi shingo. Nikaweka kijiko chini, nikasema taratibu kwamba naona "bias" katika ugawaji huu. Karani akatafuna kwanza. Kisha akasema neno hilo alilisikia sana mahakamani, na kila mara aliyelitamka alikuwa anaelekea kushindwa kesi. Mke wangu akasema kama nimechoka na upendeleo basi ataondoa upendeleo. Akachukua na shingo.

Baada ya kula Karani akafanya mazoezi ya shukrani zake mbele ya kioo changu. Anakohoa kwanza, anafunga kifungo cha koti, ndipo anaanza. Kohoa, kifungo, anza. Akaniambia shemeji, msomi hutambulika hata kwa jinsi anavyosimama. Nikamwambia na mimi nitasimama. Akacheka mpaka machozi, akafutia kwenye taulo langu la kazi.

Njaa. Nalala na njaa, lakini maneno ninayo matatu.

Jumatatu, 11 Mei

Neno la mwisho, nalo ndilo mfalme wao: "limitation". Pale kazi inapopungukiwa. Binti kasema kila utafiti unayo, na maprofesa hawakosi kuiuliza. Mwanafunzi akiitaja mwenyewe anasifiwa kwa ukweli. Yeye jibu lake liko tayari: muda ulikuwa mfupi.

Nilisikiliza kwa makini. Kwa hiyo anayeuliza swali hilo anampa mwanafunzi nafasi ya kung'ara. Ni zawadi. Nikaliweka moyoni.

Nimelifanyisha mazoezi siku nzima. Nilimwambia ofisa wa benki kwamba "limitation" ya kichwa chake ni kisogo. Hakurudi kuchukua miwani yake. Nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba "limitation" ya bati lake ni mvua. Akasema "limitation" ya mpangaji ni mlango, na akanionyesha ulipo. Wembe naye akasema ya kwangu anaijua: iko chini ya pua na juu ya kidevu.

Wivu. Amegundua sasa anafanya kazi na mtu mwingine kabisa.

Jumatano, 13 Mei

Leo sina mzaha.

Binti alikuja saluni tukiwa tunafunga. Akakaa kwenye kiti changu, kama zamani alipokuwa akitoka shule miguu haigusi chini. Sasa inagusa. Akaniambia kuna nafasi ya kufundisha pale chuoni, imewekwa kwa ajili yake. Akipita Ijumaa, ni yake. Asipopita, anapewa mwingine, na hajui nyingine itatoka lini.

Nikamwambia atapita. Akanishika mkono wenye poda. Akasema baba, nakuomba kitu kimoja. Usiseme chochote siku hiyo. Kaa tu nikuone. Uso wako unanitosha.

Nikageuka nikajidai natafuta brashi. Nikamwahidi: hutanisikia, mwanangu.

Na nilimaanisha. Yaani nilipokuwa nasema, nilimaanisha.

Ijumaa, 15 Mei

Sijui niandikeje.

Chumba cha juu, pazia lisilofunga, viti vya plastiki. Maprofesa watatu mezani na chupa zao za maji. Mkubwa wao mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo. Nilikaa nyuma kama nilivyoagizwa, shati nimepiga pasi mwenyewe. Binti akasimama. Alisema vizuri mpaka nikasahau kuhema. Vinyozi wa eneo hili, akasema, ni wasafi kuliko ilivyodhaniwa. Nikawaza, mwulizeni amewatoa wapi vinyozi kama hao. Hakuna aliyeuliza.

Wakamuuliza "limitation". Akajibu muda. Wakatabasamu. Mama wa miwani akafunga kalamu. Kalamu ilishafungwa! Kisha, kwa adabu tu, akauliza kama kuna mtu ukumbini mwenye swali au neno.

Karani akakohoa. Karani akashika kifungo.

Kifungo kikamkwama. Nami nikajikuta nimesimama.

Kiingereza kilitoka kama maji ya bomba, kila neno mahali pake, hata mimi nilishangaa. Niliuliza hivi: je, si "limitation", tena si "bias", kwamba hiyo "sample" haikuwa "random", kwa kuwa vinyozi wote walichaguliwa na baba yake mzazi, ambaye ndiye mimi, kutoka miongoni mwa marafiki zake wa karibu?

Nikakaa. Nikasubiri makofi.

Mtu mmoja alikuwa anamimina maji, akaacha. Binti aliniangalia vilevile alivyoniangalia akiwa mdogo siku niliyozima taa nikidhani ameshatoka chumbani.

Mama wa miwani akaifungua tena kalamu. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole mkubwa, niliwachagua vipi. Nikafurahi. Nikaeleza yote: kopo, sindano, spiriti, suruali ya Kipara. Waliandika muda mrefu. Akasema swali langu ndilo bora alilolisikia mwaka huu. Nikamtazama Karani.

Ndipo tukaambiwa tutoke nje tusubiri. Na tulipoitwa tena, binti hakupita. Akusanye upya kila kitu, vinyozi wapya, tangu mwanzo. Nafasi ya kufundisha haisubiri.

Karani hakutoa shukrani. Alifungua kifungo.

Jumamosi, 16 Mei

Mke wangu hasemi nami. Leo kapakua chakula, kuku akamgawa sawasawa kwa wote waliokuwepo mezani. Mimi alinihesabu kama sipo.

Karani peke yake ndiye aliyeniongelesha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema shemeji, mimi nilifanya kazi mahakamani miaka mingi, sijawahi kuona shahidi akimzamisha mtu wa upande wake kwa ufasaha namna ile. Hakuwa anacheka. Bora angecheka.

Jioni binti akaingia. Hakunitukana. Aliomba kopo. Akamwaga sindano kwenye sahani, akakata vikaratasi mezani, akaandika majina ya vinyozi wote, hata yangu. Nilinyoosha mkono nimsaidie kukoroga. Akalisogeza kopo kwake. Akasema baba, tafadhali.

Akafumba macho, akachomoa. Wa kwanza: Kipara. Nikauma ulimi. Wakafuata wengine watatu ambao singewakabidhi hata mbuzi wa kunyoa. Atawatembelea kuanzia Alhamisi, kasema, mwenyewe, bila taarifa, awakute walivyo.

Nikamwambia nisamehe mwanangu. Akasema ameshanisamehe. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Nilikwenda kukaa uani karibu na ndoo. Sikutegemea kulia mbele ya ndoo.

Jumatano, 20 Mei

Nimefikiri siku nne na nimeliona kosa langu. Kosa langu lilikuwa "bias". Niliwasaidia marafiki tu. Nikamruka Kipara na wenzake. Hiyo si haki, na kwa kweli si kisomi.

Kwa hiyo leo nimefunga saluni mapema, nikabeba spiriti, brashi mpya na birika la maji ya moto, nikazunguka kwa kila kinyozi aliyetoka kwenye kopo. Wote, bila kumbagua hata mmoja. Nimewaambia kesho anakuja binti yangu, awakute vifaa vinachemka na sakafu imefagiwa. Kipara nimempa na suruali yangu ya harusi, ile ya kijivu. Akanikumbatia. Akaniambia kaka, sikujua una roho hii. Wateja wangu wa benchi walikuwepo pale wameona kila kitu.

Safari hii mtoto matokeo yake yatang'aa kuliko yale ya kwanza. Hajui chochote, na mimi kwangu nimetulia, simwambii. Ajionee mwenyewe.

Nitawaeleza maprofesa siku ya kutetea. Mama wa miwani atafurahi. Nimemuuliza binti kupitia mlango uliofungwa kama kuna neno jipya ninaloweza kuanza nalo mazoezi. Hajajibu bado, lakini taa yake inawaka.