Otai ya Shangazi Vaimoana

Alhamisi, 7 Desemba

Habari kubwa! Shangazi Vaimoana anakuja Tonga Jumanne kutoka Auckland. Dada wa marehemu baba. Mwenye nyumba ya kijijini Haateiho, ile yenye baraza pana na tangi jipya, ambayo haina mtu tangu mpangaji ahame. Luseane, mke wangu, ndiye aliyepokea simu. Akanisimulia huku anaanua nguo. Shangazi anataka kukabidhi funguo za nyumba kwa mtu wa ukoo. Kaulizia kama matikiti yameiva. Kakumbuka otai, kinywaji cha tikiti na nazi, aliyokuwa akitengeneza bibi. Kasema anakuja na kiu.

Nikaunganisha. Funguo. Matikiti. Otai. Kiu. Hata mtoto angeelewa! Atakayempa otai kama ya bibi ndiye atakayepewa nyumba.

Luseane akasema hakuna aliyesema hivyo. Maskini. Yeye ni mtu wa kisiwa cha Vavau. Hajui kwamba wanawake wa ukoo wetu husema kwa mafumbo.

Miaka minne tunalala chumba cha uani kwa Motulalo, mtoto wa baba mkubwa. Ukuta ni ubao mwembamba. Luseane akipiga chafya, Motulalo anaitikia "Afya, shemeji!" akiwa kitandani kwake. Basi! Inatosha!

Ijumaa, 8 Desemba

Swali dogo. Otai hutengenezwaje?

Nimeinywa maisha yangu yote. Tikiti, tui, nazi iliyokunwa, maji baridi. Lakini tikiti husagwa, hukunwa au hupondwa? Sijui. Bibi alikuwa akitufukuza jikoni.

Nilikwenda kwa Motulalo kuazima mbuzi ya kukunia nazi, ile ya bibi. Akauliza ya nini. Nikasema mgongo unaniwasha. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akanitazama, akautazama mgongo, akatazama meno ya mbuzi. Akasema mbuzi ya bibi haitoki jikoni mwake, na kwamba mgongo una dawa yake hospitali.

Nadhani ameshuku.

Jumamosi, 9 Desemba

Luseane kaenda kwaya, kama kila Jumamosi. Mimi nimekwenda mjini, dukani kwa Bi Lin.

Sikujua dunia ina vyombo vingi hivi. Vichujio vya matundu madogo. Vichujio vya matundu makubwa. Kitu kama mwavuli wa waya. Kitu chenye mikono miwili ambacho nilikifungua kikaning'ata kidole. Nikazunguka rafu mpaka Bi Lin akaniuliza kama nimepotelewa na mtu.

Nikamwuliza kipi ni cha otai. Akasema, "Mikono yako, Penisimani. Na mbuzi. Mama yangu alizaa watoto sita hapahapa mjini na hakuwahi kununua kingine." Nikacheka moyoni. Mfanyabiashara anayekataa kuuza! Lazima Motulalo amepita kabla yangu akamtia maneno.

Basi nikachagua mwenyewe. Boksi kubwa, nje lina picha ya tikiti, na msichana anacheka ameshika glasi ya kinywaji chekundu. Picha haidanganyi. Bi Lin akauliza kama najua kazi yake. Nikamwambia nina macho.

Jumapili, 10 Desemba

Siku mbaya.

Nilitaka kuijaribu mashine bila Motulalo kuona. Lini Motulalo hayupo nyumbani? Wakati wa ibada. Nikajishika tumbo, nikalala mkekani, nikawaacha waende. Kanisa liko ng'ambo ya ua tu. Nikasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili. Nikatia vipande vya tikiti. Nikabonyeza.

Mungu nisamehe! Ilinguruma kama ndege inayokataa kuruka. Nikatafuta pa kuizimia. Kitufe cha kwanza kikaongeza kasi. Cha pili kikaongeza zaidi. Nikaja kung'oa waya ukutani, na ndipo nikagundua kwamba kule kanisani palikuwa kimya kabisa. Ilikuwa saa ya sala.

Siku ya Bwana, Tonga nzima hakuna hata anayetwanga, na mimi nasaga! Katika ule ukimya nikasikia sauti ya Motulalo, imepanda, imejaa huruma: "Na tumwombee ndugu yetu Penisimani, ambaye tumbo lake linasikika mpaka huku."

Waumini walicheka. Kanisani! Niliwasikia.

Baadaye Mchungaji Fonua alikuja kunijulia hali. Akaketi. Akaitazama mashine. Akasema hajawahi kuona tumbo lenye waya. Nikaahidi kufagia uwanja wa kanisa hadi Krismasi.

Na kingine sikielewi. Kwenye glasi yametoka maji mekundu, mepesi, matupu. Tikiti lenyewe halipo! Nimeigeuza mashine, nimeitikisa. Nimelikuta nyuma, kwenye kijisanduku, limebanwa limekauka kama pamba. Kwa nini mashine ijifichie tikiti? Luseane anasema ndiyo kazi yake, kutenga maji na makapi. Kama ni hivyo, yule msichana wa kwenye boksi anacheka nini?

Jumatatu, 11 Desemba

Nimemwona Motulalo akishuka garini na boksi. Tikiti. Msichana. Glasi. Boksi lilelile!

Nimechanganyikiwa. Aliniombea kwa Mungu hadharani, kisha akaniiga. Sasa mashine ni nzuri au mbaya? Kama ni nzuri, tuko sawa. Kama ni mbaya, tuko sawa vilevile. Nilitembea uani mpaka kuku wakanizoea.

Ndipo nikapata akili. Bibi hakuwa na umeme! Kwa hiyo otai ya bibi ni ya mkono. Nikaenda tena kuomba mbuzi, nimejiandaa kwa vita. Motulalo akanipa papo hapo. "Chukua, mdogo wangu. Mambo ya kale hayo. Kakune nazi, kakune mgongo, utakavyo."

Kwa nini amenipa? Nimeshinda au nimeshindwa?

Nimekuna nazi tatu na kidole kimoja. Kisha nikataka kukuna tikiti. Unaikalia mbuzi, unalishika tikiti kwa mikono miwili, unasukuma. Tikiti la kwanza liliniponyoka likabingirika mpaka kwenye banda la nguruwe. Nguruwe hawakuuliza limetengenezwaje. La pili nimelivuruga kwa vidole. Luseane alipita, akanitazama nilivyolowa wekundu mpaka viwikoni, akauliza nani amekufa.

Jumanne, 12 Desemba

Nimevaa mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, ule mzuri wa harusi. Motulalo kavaa wake. Tukaketi chini sebuleni kwake, vichwa chini, kama inavyopasa mbele ya shangazi. Yeye kitini, mwembamba zaidi kuliko nilivyomkumbuka, mkoba mapajani. Jagi la Motulalo upande wa kulia, jekundu, linang'aa kama kioo cha kanisa. Langu upande wa kushoto, zito, nazi inaelea juu. Kuna mbegu pia. Nyingi.

Motulalo akaanza hotuba. Nikaanza yangu juu ya yake. Shangazi akainua mkono.

"Wanangu," akasema, "daktari amenikataza vitu vitamu tangu Pasaka. Nimewaambia nina kiu. Jamani, hakuna maji nyumba hii?"

Luseane akaondoka, akarudi na glasi ya maji ya mvua kutoka tangini. Shangazi akanywa yote. Akafumba macho. Akasema maji ya mvua ya nyumbani hayana mfano.

Kisha akafungua mkoba, akatoa funguo. Mimi na Motulalo tukanyoosha mikono pamoja. Funguo zikapita juu ya vichwa vyetu.

"Luseane, mwanangu. Jirani yangu wa Haateiho ameniambia kila kitu. Kila Jumamosi unafagia, unafungua madirisha, unang'oa majani. Sikukutuma, wala hukuniambia. Hamia kesho." Akanitazama. "Na huyu unaweza kwenda naye, ukipenda."

Luseane akasema atafikiria. Wanawake wote wa ukoo waliojaa mlangoni wakaangua kicheko. Motulalo alicheka mpaka akalegeza mkeka wake. Kisha nikaona Luseane anafuta machozi kwa kiganja, na funguo amezikumbatia kifuani.

Jambo moja tu sielewi. Kama Jumamosi alikuwa Haateiho, kwaya alijifunzia wapi? Anaimba vizuri sana.

Jumamosi, 16 Desemba

Nyumba yetu! Luseane amepiga chafya asubuhi na hakuna aliyeitikia. Akapiga tena, makusudi, akacheka peke yake barazani.

Nimetafakari mambo yote kwa utulivu. Ni wazi ilikuwa otai. Shangazi hakuinywa, lakini aliiona. Jicho lake lilikaa kwenye jagi langu muda mrefu, hasa kwenye mbegu. Mtu mzima hawezi kukiri mbele ya Motulalo, angemvunja moyo. Ndiyo maana funguo zikapitia kwa Luseane. Nimemweleza. Akasema, "Sawa, baba," akaendelea kukaanga samaki.

Jioni simu imelia. Mama mkwe, kutoka Vavau. Atakuja Mwaka Mpya. Luseane anasema mama yake hana neno, kachoka na joto la huko, anataka kuja kupumua tu.

Kupumua! Mbele yangu mimi, anayefahamu mafumbo! Mama anataka kuona kama mkwe wake anajua upepo huingilia wapi. Nimepima ukuta wa mashariki kwa hatua. Ni wa matofali mepesi. Luseane kaenda kuzungumza na jirani. Nyundo ninayo.

Akirudi atakuta upepo.