Zeze la Koili na Friji la Mama Birika

Habari aliileta Hewani, na aliisoma akiwa bado wima, maana kwake habari nzito haisomwi mtu akiwa ameketi. Hewani anauza vocha za simu, kwa hiyo bando haimwishii, na bando hiyo ndiyo inayokilisha kijiwe mambo ya dunia. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya benchi la Mama Birika, muuza chai, akapangusa kioo cha simu kwa pindo la shati, akatangaza kwamba wataalamu wa ughaibuni wameunda chombo cha nyuzi cha umeme kinachojikaza nyuzi zake chenyewe. Hakihitaji sikio la mtu. Unakiwasha, kinajisikiliza, kinajirekebisha, kisha kinakungoja wewe.

"Kinajisikiliza chenyewe?" Kamati aliuliza.

"Chenyewe."

"Na kikikosea, nani anakiambia?"

Kamati ni kinyozi wa chumba cha pili kutoka hapo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna jambo, hata la kusogeza benchi kivulini, ambalo hajalipendekezea kamati. Alieleza kwamba kitu kinachojikagua chenyewe hakijawahi kujikuta na kosa, na kwamba yeye binafsi ameingia ofisi nyingi zilizokazwa kwa mtindo huo. Hewani akamjibu kuwa mashine haina tamaa. Kamati akasema labda, lakini aliyeiunda anazo, na zake zinatosha mashine kumi.

Koili aliwasikia. Alikuwa ameketi mlangoni pa karakana yake ya redio, zeze limelala mapajani, spana mkononi. Dada yake mkubwa alikuwa njiani kuja kulisikiliza.

Zeze hilo alilianzisha kwa mlango wa kabati ambao mkewe alidhani umepelekwa kurekebishwa bawaba. Nyuzi nne alizipata kwenye waya wa breki za baiskeli, akauchambua mpaka akapata nyuzi nyembamba zinazovutika. Upande mmoja wa ubao alifunga bolti nne, na nyuzi zikawa zinakazwa kwa spana. Chini ya nyuzi akaweka sumaku ya spika iliyokufa, akaizungushia shaba ya mota ya feni mpaka vidole vikaota sugu. Mzunguko huo wa shaba ndio uitwao koili, na ndio uliompa fundi jina. Sauti ilitokea kwenye redio kuukuu isiyoshika tena stesheni yoyote.

Jambo lenyewe lilikuwa harusi. Mpwa wake, binti wa dada huyo, alikuwa anaolewa Jumamosi, na Koili aliomba ampigie zeze wakati anaingia ukumbini. Katika familia yao kila shughuli ina mgawanyo wa kazi, na tangu Koili apate akili ya kubeba kitu, kazi yake imekuwa viti. Harusi ya binamu, viti. Ubatizo, viti. Hata msiba wa baba yao, yeye alilia huku akihesabu viti. Safari hii alitaka asikike, angalau mara moja, na anayeamua ni dada.

"Wewe la kwako unalikaza kwa kipimo gani?" Hewani alimgeukia.

"Kwa sikio."

"Sikio nalo lazima lianzie mahali."

Koili alikuna shavu, kisha akaelekeza spana kwenye friji la soda la Mama Birika, lililokuwa limeegemea ukuta ule ule wa karakana.

Kamati akageuka, akalitazama friji kutoka juu mpaka miguuni. "Friji."

"Linanguruma sauti ile ile kutwa. Sijaona kingine mtaani humu kisichobadilisha kauli."

Ukweli ni kwamba hakulichagua. Ile koili aliyoizungusha kwa mkono ilikuwa inadaka kila kitu. Ilidaka nyuzi, ikadaka na mota ya friji nyuma ya ukuta, hivyo redio ilikuwa ikinguruma hata kabla zeze halijaguswa. Fundi mwingine angeifunika kwa bati, akahangaika na waya wa ardhi mpaka ngurumo ife. Koili naye alihangaika, akashindwa, akakaa kuisikiliza, na mwisho akaizoea kiasi cha kuipenda. Akachukua spana, akakaza uzi wa kwanza mpaka ukaafikiana na ngurumo, na zile tatu akazipanga kwa kuufuata huo wa kwanza.

"Mimi nauliza jambo moja tu," Kamati alisema. "Nani alilichagua hilo friji?"

"Nililinunua mimi," Mama Birika alijibu akiendelea kupanga vikombe.

"Sijauliza nani kalinunua, mama. Nauliza nani kalipatia madaraka."

Hapo mjadala ukachanganya. Hewani alidai friji likijaa soda linaimba chini, likipungua linapanda, kwa hiyo zeze la Koili linategemea watu wana kiu kiasi gani. Akajitolea mlio wa simu yake. Kamati akaupinga kwa sababu ni mlio wa kampuni, akapendekeza mashine yake ya kunyolea, ambayo imepita kwenye vichwa vya mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, na kwa hiyo ina uwakilishi. Mama Birika akasema kama ni hivyo birika lake nalo linapiga mluzi, na limewahudumia wote bila kubagua kichwa wala upara. Koili aliwaomba, kwa upole, wasimgusie hata bolti moja kabla dada hajapita.

Dada akafika. Ni mama mpana, mwenye mkoba mkubwa na mwendo wa mtu ambaye ana mambo matano ya kumaliza na amemaliza mawili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Piga."

Koili akapiga. Nyuzi zililia juu, friji likajaza chini, na vikichanganyika humo redioni vilitoa sauti nzito iliyotetemesha vikombe. Kamati aliacha kutafuna andazi lake. Hewani aliishusha simu, jambo ambalo halijawahi kushuhudiwa. Dada aliitazama redio, akavitazama vidole vya mdogo wake.

"Utapiga bi harusi akiingia," alisema wimbo ulipoisha. "Ukimaliza usirudierudie. Naenda kwa fundi cherehani hapo mbele kuchukua gauni, nikirudi nitapita tuongee habari ya shati lako."

Akaondoka. Koili alifurahi mpaka akasahau kumshukuru. Kamati alishamweleza Hewani jinsi yeye alivyoliunga mkono zeze hilo tangu mwanzo, na Mama Birika, kwa furaha ya siku hiyo, aliamua kufanya kazi aliyokuwa akiiahirisha: barafu ilikuwa imezimeza soda za nyuma, ikabidi alizime friji iyeyuke. Akachomoa waya.

Koili, kwa raha zake, akapiga tena.

Ukatoka mlio mwembamba, mkavu, wa waya wa breki juu ya mlango wa kabati. Akasimama, akakagua sumaku, akagonga redio ubavuni, akapiga tena. Ulikuwa ule ule.

"Hivi ndivyo linavyolia?" Hewani aliuliza.

"Sijui," Koili akasema. "Sijawahi kulisikia peke yake."

Kikao kikawa cha dharura. Hewani alitaka friji lipelekwe ukumbini. Kamati akauliza litaingiaje bila upande wa bwana harusi kudhani ni zawadi, na likishadhaniwa zawadi, nani atakwenda kulidai nyumbani kwa maharusi wapya. Mama Birika akafunga hoja kwa kusema friji lake haliendi harusi ya mtu. Hewani akasema basi wakope friji jingine, lakini Koili akatikisa kichwa: kila friji lina sauti yake, na angelazimika kukaza nyuzi upya mbele ya wageni, kwa spana.

Kisha akalaza zeze kwenye benchi. "Nitamwambia dada anirudishe kwenye viti. Viti navijua."

Hakuna aliyemtania. Walikuwa wanamtania kwa kila kitu, mkewe, upara, redio za watu zilizolala humo karakana miaka, lakini hilo waliliacha lipite. Koili alijisikia mjinga, na uchungu wenyewe ulikuwa kwamba miezi yote hiyo alijivunia mkono wake, kumbe nusu ya muziki ilikuwa mota ya soda.

Wa kwanza kuanza alikuwa Kamati. Alifumba midomo, akaangalia pembeni, akanguruma. Miaka yote ameketi ubavuni mwa friji lile, na sauti ilimtoka bila kuitafuta. Hewani akadakia.

"Umepanda," Mama Birika alimkosoa. "Hilo ni friji jipya. Langu limechoka."

Hewani akashuka.

"Hapo. Halafu kuna mahali huwa linashtuka kidogo, kisha linaendelea."

"Nitashtuka mimi," Hewani alijitolea.

Tatizo likawa pumzi, kwa kuwa friji halivuti hewa. Kamati akaunda kamati ya pumzi hapo hapo, mwenyekiti akiwa yeye: mmoja anavuta wengine wakishikilia, na hakuna kuvuta bila zamu. Mama Birika akaongezwa kwa sababu ndiye mwenye friji. Wakasimama nyuma ya Koili, macho wameyafumba, wakanguruma. Koili akalichukua zeze, akaugusa uzi wa kwanza polepole. Ukakaa. Akaugusa wa pili, nao ukakaa. Akaanza wimbo wa bi harusi.

Alipoinua kichwa, dada alikuwa amesimama mbele yake, gauni begani. Hakucheka. Alisikiliza mpaka Hewani akashtuka na kuendelea, akasikiliza na baada ya hapo.

Koili aliacha kupiga. Akamweleza yote bila kuficha: koili inayodaka mota, friji, waya uliochomolewa. Alimwambia kwamba sauti aliyoikubali haikuwa ya zeze, na kama anataka kubadilisha uamuzi ataelewa. Nyuma yake wale watatu waliendelea kunguruma, maana hakuna aliyewaambia waache.

"Kumbe lilikuwa friji," dada alisema. "Nilihisi kuna kitu kinanguruma humo ndani. Kimeniumiza kichwa mpaka kwa fundi cherehani. Afadhali mmekitoa, hivi sasa nausikia wimbo."

Koili hakuelewa. "Sasa mbona ulikubali?"

Dada alihamishia gauni bega la pili. "Mwanangu ana mjomba mmoja tu. Hata ungekuja kuupiga huo mlango kwa kijiko, ningekubali."

Koili akainamia bolti, akajifanya anakaza kitu kilichokuwa kimeshakazwa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye spana.

"Na hawa waje," dada aliongeza. "Wavae viatu vya kufunika."

Kamati angependa kushukuru kwa niaba ya wote, lakini ilikuwa zamu yake ya kushikilia sauti, akanyoosha mkono tu. Mama Birika, aliyeona shughuli imekwisha, alijitoa kwenye mstari, akaokota waya wa friji na kuusogeza kwenye soketi.

"Mama," Koili alisema, "subiri kidogo."

Mama Birika akazitazama soda zake, maji yameanza kuzitiririka. Akauweka waya chini, akarudi mahali pake nyuma ya Hewani, na Koili akaanza wimbo upya kwa ajili ya dada yake.