Dakika Kumi na Mbili za Kamera ya Askari

Jumatatu, 20 Januari 2025

Nimetukanwa. Juzi, nje ya ukumbi wa chama chetu mjini Toronto, baada ya mashindano ya karata, Errol aliniita mwizi. Errol! Mwenzangu wa karata tangu Moshi, miaka arobaini na mitatu. Leo kwenye simu amekana. Ati hakulitamka neno hilo kabisa. Lakini askari aliyekuja kutuamua alikuwa na kamera kifuani, na taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Nitaipata rekodi. Nitaionyesha kamati. Errol ataniomba radhi mbele ya wanachama wote, au atafute chama kingine.

Hazel, mke wangu, anauliza koti la kahawia lililoning'inia mlangoni ni la nani. Nimemjibu kwamba bila shaka nililichukua ukumbini kwa makosa. Asinichanganye na mambo ya makoti.

Jumatano, 22 Januari

Treni hadi mjini. Makao ya polisi, kwenye dirisha la maombi ya rekodi, nimemkuta Shenaz, binti wa Mwanza, Kiswahili chake safi. Nikafurahi mapema mno. Ameniambia: Mzee wangu, ombi ni la maandishi, jibu ni ndani ya siku thelathini, na sheria inakupa sura yako wewe. Ya mwenzako itafunikwa na sauti yake itazimwa, isipokuwa yeye mwenyewe aridhie kwa sahihi. Nikamweleza kwamba sura hiyo naijua vizuri, haina cha kuficha. Akasema: Basi kama unaijua, mzee, unaitakia nini? Watoto wa siku hizi!

Nimeifikiria njia nzima ya kurudi. Ni sheria nzuri. Nisingependa mtu yeyote aende dirishani kuomba sura yangu. Ila haikupaswa kumhusu Errol.

Jumapili, 26 Januari

Mbinu. Fomu ya ridhaa nimeificha ndani ya kadi ya kumtakia afya njema Nigel, katibu wa chama. (Nigel ni mzima kabisa.) Baada ya Misa nikamwendea Errol na kalamu. Amevaa sweta tu, nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Maringo ya uzeeni! Akatoa miwani. Akaisoma fomu yote, mbele na nyuma, huku akitetemeka. Mahali pa sahihi ameandika: "Pona upesi, Mwalimu." Mwalimu ni mimi, na siumwi.

Jumanne, 18 Februari

Rekodi imefika. Nikamwita Hazel awe shahidi. Dakika kumi na mbili.

Errol ni wingu la kijivu lisilo na sauti. Mimi naonekana wazi, mpaka meno. Nimeinua fimbo. Nalikemea wingu. Neno "mwizi" limesikika mara tatu, na mara zote tatu limetoka kinywani mwangu. Sina koti, nilitoka ukumbini kwa hasira nikaliacha langu. Dakika ya tisa wingu limepungua unene. Limevua kitu cha kahawia, limenivika mabegani, limefunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Wakati wote huo mimi naendelea kufoka.

Hazel akageuka akatazama mlangoni. Kisha akasema: Baba Marissa, lile koti.

Jumatano, 19 Februari

Asubuhi nzima koti limekaa kwenye kiti mbele yangu. Mfukoni mna pipi za kikohozi, na kile kikaratasi cha alama zetu za siku ile. Tulikuwa tunaongoza. Nikashika simu. Nikaanza kubonyeza namba zake.

Nikaiweka chini. Tuwe waangalifu. Sura imefunikwa, wingu lile linaweza kuwa mtu yeyote. Nimeandika ombi la pili ili lifunuliwe. Mpaka jibu litakapokuja, koti ni kielelezo cha ushahidi, wala haliwezi kuondoka nyumbani humu.

Hazel anasema Errol anakohoa. Nimemwambia kama Errol analitaka koti, alete ombi la maandishi. Nitamjibu ndani ya siku thelathini.