Msikiti Nyuma ya Kofia ya Mhina

Ijumaa, 2 Agosti 1974
Mambo yameiva! Mzee Mwinjuma wa Handeni, baba yake Zamda, anataka picha ya msikiti aliojenga marehemu baba yake. Jumatatu unabomolewa, kijiji kizima kinahamishiwa kijiji cha ujamaa. Amesema wazi: atakayemletea picha ya kumridhisha, ndiye atakayesikilizwa posa yake. Ni mimi au Abdi wa Mombo. Abdi! Kamera yenyewe ya kuazima.

Mwalimu Isaka kanionyesha kitabu cha misikiti ya Misri, picha za wasafiri wa Kizungu wa zamani. Ovyo kabisa. Kuta na minara, mtu hata wa dawa hamna. Nani atundike ukutani nyumba isiyo na wenyewe?

Jumapili, 4 Agosti
Basi, vumbi, kiuno hakifai. Lakini kazi nimeifanya! Wazee mkekani, akina mama nyuma yao, vijana juu ya mabenchi. Mhina, jamaa mrefu kupita wote pale, katikati. Mzee Mwinjuma akauliza kwa upole kama yale maua ya udongo juu ya mlango, aliyoyafinyanga baba yake, yanaonekana. Nikamwomba aniachie kazi yangu.

Abdi alifika jua linachomoza, watu wameshaswali wakarudi kulala, akapiga akaondoka. Maskini wa Mungu! Nimecheka hadi nyumbani Korogwe.

Jumanne, 6 Agosti
Nimesafisha picha. Nyuso zote safi. Msikiti? Kona ya bati juu ya kofia ya Mhina. Nimeutafuta kwa kioo cha kukuzia. Hamna. Kurudi nako hakuwezekani, umebomolewa jana. Nimejifungia chumba cha giza nikalia.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimepeleka hivyo hivyo. Mzee akaitazama, kisha akasema:
"Mwanangu, watu hawa nahama nao. Msikiti ndio nauacha."
Akatoa mfukoni mwa kanzu picha ya Abdi. Ukuta, mlango, maua yote. Hata kuku hayumo. Akaipangusa kwa kiganja, machozi yakimlengalenga. Zamda hakutoka hata kunisalimu. Nimekwisha.

Jumamosi, 17 Agosti
Sijala vizuri wiki nzima. Abdi kapokelewa posa. Ila leo kuna habari! Mzee Mbaruku wa Dindira ana msikiti wa zamani, karibu watauvunja wajenge mpya. Anataka picha. Ana binti pia, Tatu.

Safari hii sikosei. Handeni nimeshaelewa kilichoniangusha: watu walikuwa wachache, picha ikapwaya. Nimetuma salamu Dindira waje wote, na wachuma chai, na mabenchi ya shule.