Mume wa Foleni

Jumatatu, 4 Machi

Kesho kliniki ya wajawazito. Utaratibu wao: anayekuja na mume hupita kwanza. Wangu ni fundi wa kuchomelea. Cheche za moto zinamrukia kutwa, hatingishiki. Akisikia sindano tu, anatafuta mlango. Kwa hiyo mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, huku jirani yangu Malkia, mjamzito mwenzangu, akipitishwa mbele, mumewe kambebea mkoba. Alinipungia mkono. Sitasahau.

Dawa yake nimeipata. Shemeji, mdogo wake mume wangu, kinyozi. Nimemwomba anisindikize tu, akae karibu nami, aonekane mtu mwenye majukumu. Nitamfulia mashuka yake ya kunyolea mwezi mzima. Kakubali. Akili ninazo.

Jumanne, 5 Machi

Ushindi! Tumewahi, tumempita Malkia na mumewe. Nilimpungia mkono.

Ndani mambo yakabadilika kidogo. Nesi kanipima presha, kanipa kikopo cha mkojo, kisha katoa sindano mbili. Kumbe mume naye hupimwa damu. Shemeji alinitazama jicho la kuua, lakini akanyoosha mkono. Alipoulizwa tumeoana lini, akajibu kwamba hayo anayajua huyu mama.

Majibu: damu yangu ni kundi hasi. Nesi akaeleza kuwa baba akiwa chanya, mtoto naye anaweza kuwa chanya, na mwili wangu ukaiona damu yake kama adui. Hapo mama huchomwa sindano ya kinga. Lakini baba huyu ni hasi pia, hatuna shida. Akatupa mkono wa pongezi. Nimerudi nyumbani kwa maringo.

Jumatano, 6 Machi

Maringo yameisha. Nilikuwa nafua mashuka ya kinyozi ndipo ikanijia: baba aliyepimwa siye baba.

Nikajituliza. Hawa ni mama mmoja, baba mmoja. Damu itatofautianaje? Nikaenda duka la dawa, nikamuuliza muuzaji kwa niaba ya rafiki yangu. Akasema ndugu hutofautiana damu kama wanavyotofautiana urefu. Na huyo rafiki asipochomwa sindano? Akasema huenda mtoto wa safari hii akanusurika, ila mtoto anayefuata anaweza kuishiwa damu tumboni, hata kufa. Kisha akalitazama tumbo langu, akaniambia nimsalimie rafiki.

Nikakaa kwenye ngazi ya duka. Mtoto akacheza. Nikaogopa kweli, hata Malkia nikamsahau.

Lazima nimpeleke mume wangu mwenyewe. Nimwambie ukweli? Hapana. Nimemwambia geti la kliniki limekatika bawaba, wanatafuta fundi.

Alhamisi, 7 Machi

Kaja na vifaa vyake vyote. Geti zima kabisa. Alipokuwa bado analikagua, nikamvuta mpaka kwa nesi. Nesi akauliza huyu nani. Nikasema mume wangu. Akauliza, na yule wa juzi? Malkia, aliyefuata majibu yake, akaacha kutafuna.

Nikasema yule ni shemeji, alikuwa mume wa foleni tu. Mume wangu akanikodolea macho. Nikamweleza yote palepale, habari ya damu na mtoto, machozi yananitoka. Akavaa kofia yake ya kuchomelea, akaishusha mpaka kidevuni asione kitu, akanyoosha mkono.

Akaanguka hata hivyo. Aliyembeba ni mume wa Malkia, mkoba wa mkewe ukiwa bado begani.

Chanya. Nikalia tena. Nesi akasema hatujachelewa, sindano yangu ni kliniki ijayo. Halafu akatangaza mbele ya watu kwamba kuanzia leo nitapanga foleni hata nikija na ukoo mzima.

Ijumaa, 8 Machi

Mume wangu kaamka salama. Kaahidi kunisindikiza kila kliniki, na kofia yake. Nampenda huyu mtu. Nimeapa kuacha ujanja, mtoto si wa kuchezewa.

Ila jana, wakati wanampepea, nilisoma tangazo ukutani: wanaotoka mbali huhudumiwa mwanzo. Sisi kliniki iko nyuma ya nyumba yetu. Shemeji ana begi kubwa la safari. Nimeshaliazima.